Kinga na Mdhibiti Wake

Katika Kiswahili neno kinga lina maana zaidi ya moja, na kila moja yafaa kukumbukwa kabla ya kuingia katika habari za mwili wa binadamu. Kitenzi kukinga ni kuzuia kitu kisimfikie mtu, kama mtu akingavyo jua kwa mkono au pigo kwa ngao. Tena ni kuweka chombo mahali panapodondoka maji ili yaingie ndani yake, kama wafanyavyo watu mvua inyeshapo na maji yakatiririka kutoka mapaani. Kisha liko jina kinga, ambalo aghalabu husemwa kijinga, yaani kipande cha ukuni chenye moto upande mmoja, nalo ndilo lililomo katika methali isemayo, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Huenda wanavyuoni wa lugha wakayahesabu haya kuwa ni maneno mbalimbali yaliyokutana kwa sauti tu. Hata hivyo elimu ya maradhi ya siku hizi yaonyesha kwamba kinga ya mwili ina tabia zote tatu: huzuia, hupokea, na huwaka moto. Maelezo yafuatayo yahusu hasa huo moto, na seli ambazo kazi yake ni kuuweka katika kiasi chake; na mwisho yatazama maneno ambayo kwayo jambo hili laweza kusemwa kwa Kiswahili bila ya kumpotosha mgonjwa.

Mfano mwema wapatikana Morogoro. Mji huo umelala chini ya milima ya Uluguru, na karibu na mji, katika nchi ya chini ya milima hiyo, kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Katika mashamba ya mahindi ya hapo yumo panya shamba, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Mastomys natalensis. Mnyama huyu ni adui wa zamani wa mkulima. Katika miaka ya mvua nzuri huzaana kwa wingi mno na kufukua mbegu kabla hazijaota. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Morogoro wamemchunguza kwa muda mrefu, na tangu mwaka 1994 wamekuwa wakiwanasa panya hao mara kwa mara, wakiwatia alama na kuwaachia tena, ili kujua wanaishije na wanakufaje.

Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba panya shamba wa Morogoro wamo wenye kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana kabla ya hapo, nacho kikapewa jina la mji huo. Kirusi cha Morogoro ni cha ukoo mmoja na kirusi cha Lassa, ambacho huko Afrika ya Magharibi huleta homa kali yenye kuua watu, nacho hukaa katika panya wa aina hii hii. Kile cha Morogoro hakijulikani kuwadhuru binadamu. Katika uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, panya walioambukizwa walionekana kuwa na virusi katika damu kwa muda mfupi, na katika mkojo na mate kwa muda wa wiki kadhaa. Kisha wakapata kingamwili zilizodumu maisha yao yote. La ajabu ni kwamba panya hao hawaugui. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, uliowahusu panya wenye virusi vya Lassa, vya Morogoro na vya Gairo, haukupata alama yoyote iliyopimika ya madhara katika maisha yao ya porini.

Kwa fikira za kawaida hili ni jambo gumu kueleweka. Kinga ya mwili huelezwa shuleni na hospitalini kwa maneno ya vita: viini vya maradhi ni adui, chembe nyeupe za damu ni askari, na mgonjwa hupona askari wakishinda. Katika mfano huo hakuna nafasi ya panya ambaye adui ameingia nyumbani mwake, akakaa wiki kadhaa, na nyumba isibomoke. Lakini katika maradhi mengi ya virusi kinachouharibu mwili si kirusi peke yake. Mara nyingi ni ule moto wa kinga yenyewe. Huko Marekani yuko panya mwitu achukuaye kirusi kiitwacho Sin Nombre. Kirusi hicho kikimpata mtu, mishipa midogo ya mapafu huanza kuvuja maji, na madhara hayo wataalamu huyahesabu kuwa yatokana zaidi na ukali wa kinga ya mgonjwa. Panya mwenyewe hukaa nacho kwa muda mrefu akiwa mzima. Mwaka 2007 watafiti walizichukua seli za panya hao, wakazikuza katika maabara, wakaona kwamba seli zilizoota hazikuwa na ukali wa vita bali zilikuwa na alama za seli zenye kutuliza. Mwaka huo huo watafiti wengine walionyesha kwamba katika panya wa mjini aliyeambukizwa kirusi cha Seoul, seli hizo za kutuliza huongezeka mapafuni, na zikiondolewa, wingi wa virusi hupungua. Ushahidi huo wa seli ni wa panya hao wawili. Kwa panya shamba wa Morogoro kilichothibitika ni kule kuishi na kirusi bila ya kudhurika. Lakini somo ni moja: kinga iliyo kamili ina mambo mawili, kuwaka na kujua pa kukomea, na mwenye kukosa la pili huungua mwenyewe.

Seli hizo za kutuliza ni za jamii ya seli T. Herufi hiyo yatokana na thaimasi, tezi iliyoko nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Jacques Miller, akifanya kazi London, alionyesha mwaka 1961 kwamba tezi hiyo, iliyodhaniwa kuwa haina kazi, ndiyo chuo ambamo seli hizo hukomazwa. Humo kila seli T hupewa kipokezi chake, nacho huundwa kwa namna ya kubahatisha, hata pawepo vipokezi vya karibu kila kitu kiwezacho kuingia mwilini. Ubahatishaji huo ni nguvu na ni hatari pia, kwani baadhi ya vipokezi hutokea kuwa vyashika viungo vya mwili wenyewe. Nyingi za seli hizo huuawa humo humo katika thaimasi. Lakini si zote. Chache hutoroka, na hizo ndizo ziwezazo kuleta maradhi kama kisukari cha aina ya kwanza, ambamo seli za kongosho zitengenezazo insulini huangamizwa na kinga ya mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 1969 wataalamu wa Kijapani, Nishizuka na Sakakura, waliwaondolea panya wachanga thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Ilitazamiwa kwamba kinga yao ingedhoofika tu. Badala yake, ovari za panya wa kike ziliharibika kwa kushambuliwa na mwili wenyewe. Ilikuwa kana kwamba kilichoondolewa ni kizuizi. Karibu na wakati huo, mwaka 1970, Richard Gershon na Kazunari Kondo wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba zimo seli T ambazo hupunguza nguvu za seli nyingine. Zikaitwa kwa jina lenye maana ya wakandamizaji, na kwa muda wa miaka 10 na zaidi maandishi mengi mno yaliandikwa juu yake.

Hapo jina likaleta msiba. Kwa kuwa jina lilikuwapo, watu walidhani kitu kimekwisha kujulikana. Wakasimulia mlolongo wa wakandamizaji wa namna nyingi, mmoja akimwamrisha mwingine, na alama yao ikasemwa kuwa ni molekuli iitwayo I-J. Mwaka 1983 jeni zilipochunguzwa mahali hapo zilipotarajiwa, jeni ya I-J haikuonekana. Tangu hapo neno mkandamizaji likawa neno la aibu. Mtafiti aliyelitumia alihesabiwa kuwa ameachwa nyuma, na hata ushahidi uliokuwa wa kweli ukatupwa pamoja na ule wa uongo.

Shimon Sakaguchi wa Japani hakukata tamaa. Mwaka 1995 alitangaza kwamba seli T zilizo na alama mbili, CD4 na CD25, zikiondolewa katika kundi la seli na zilizobaki zikatiwa katika panya wasio na seli T, panya hao hupata maradhi ya kujishambulia. Na zikirudishwa, maradhi huzuiliwa. Katika damu ya mtu seli za namna hii ni chache, yapata 5 hadi 10 katika kila 100 za CD4. Naye hakuziita wakandamizaji, bali jina lenye maana ya kurekebisha na kuweka katika kanuni. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakichunguza ukoo wa panya wenye ngozi ya magamba, ambao ulionekana kwanza Marekani katika miaka ya 1940, waligundua kwamba panya hao wana kasoro katika jeni moja, ambayo sasa huitwa FOXP3. Na kwamba watoto wa kiume wazaliwao na kasoro katika jeni hiyo hupata maradhi makali ya kujishambulia tangu uchanga. Miaka miwili baadaye ilionekana kwamba jeni hiyo ndiyo itawalayo seli za Sakaguchi. Mwaka 2025 watu hao watatu walipewa tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa hiyo jambo lililokataliwa chini ya jina moja lilipokewa chini ya jina jingine, na hilo si dogo kwa watu ambao kazi yao ni maneno.

Namna seli hizi zifanyavyo kazi yaweza kuelezwa kwa mambo matatu. La kwanza, alama ile ya CD25 ni sehemu ya kipokezi cha intalukini-2, ambayo ni kama chakula cha seli T zote zinapoamka. Seli hizi zina vipokezi vingi kuliko nyingine, kwa hiyo huinyonya intalukini hiyo kabla ya wenzake, mfano wa mtu aliyetanguliza vyombo vyake vyote chini ya paa na kukinga maji, jirani asipate ila matone. La pili, hutoa kemikali za kupoza, ambazo huzifanya seli zilizo karibu zipunguze ukali. La tatu, huzigusa seli zile ambazo kazi yake ni kuwaonyesha wengine vipande vya viini vya maradhi, na kuziondolea alama za kuchochea, hata anayeonyeshwa asipate amri ya kupigana. Katika yote matatu hakuna mahali ambapo kinga huvunjwa. Kinachofanywa ni kupunguza kasi yake mahali fulani na kwa wakati fulani.

Kwa kuwa seli hizi ni chache, wazo likaja la kuzikuza nje ya mwili. Damu ya mgonjwa huchukuliwa, na seli zenye alama zitakiwazo hutengwa. Hutiwa katika chombo safi pamoja na punje ndogo zilizopakwa kingamwili mbili, moja ya kukigusa kipokezi cha seli na ya pili ya kuipa ruhusa ya kuzaana. Nayo intalukini-2 huongezwa kwa wingi. Baada ya wiki mbili hivi seli huwa zimezidi mara mamia, na hurudishwa katika mshipa wa mwenyewe. Hatari iko katika kutenga: ikiwa seli chache zenye ukali zimeingia pamoja na za kutuliza, nazo zitakuzwa, na mgonjwa atarudishiwa moto badala ya maji.

Watu wa kwanza kutiwa seli za namna hii zilizokuzwa walikuwa wagonjwa wawili wa Gdańsk, Poland, ambao habari zao zilitangazwa mwaka 2009. Wote wawili walikuwa wamepandikizwa uboho wa mtu mwingine, na seli za uboho huo zikawashambulia. Mmoja alipata nafuu. Kwa wa pili, ambaye maradhi yake yalikuwa makali, nafuu ilikuwa ya muda tu, akafa. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya Marekani juu ya watu wazima 14 wenye kisukari cha aina ya kwanza, waliotiwa seli zao wenyewe, kuanzia milioni 5 hadi bilioni 2.6, hawakudhurika nazo, na baadhi ya seli zilionekana katika damu hata baada ya mwaka mzima. Lakini kutodhuru si kuponya. Jaribio lililo kubwa zaidi, la watoto na vijana, lililotangazwa mwaka 2024, halikuonyesha kwamba seli hizo ziliuokoa uwezo wa kongosho kutoa insulini. Kwa waliopandikizwa figo matokeo ya mwaka 2020 yalikuwa ya kutia moyo zaidi: baadhi ya waliopewa seli waliweza kupunguziwa vidonge, na maambukizo kwao yalikuwa machache.

Habari hiyo ya figo yaihusu Tanzania moja kwa moja. Upandikizaji wa figo ulianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Morogoro uko katika barabara baina ya miji hiyo miwili, na mgonjwa wa figo atokaye Matombo au Mgeta hana tena lazima ya kwenda India ili apandikizwe. Lakini akisharudi mlimani na figo ya ndugu yake, atameza kila siku, maisha yake yote, dawa za kuizuia kinga yake isiishambulie figo hiyo. Akiziacha, figo hufa. Akizimeza, kinga yake hupungua nguvu dhidi ya kila kitu, pamoja na kifua kikuu, kwani dawa hizo hazijui kuchagua.

Tofauti hiyo baina ya dawa na seli yaweza kueleweka kwa mfano wa Uluguru kwenyewe. Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni ililazimisha wakulima wa milima hiyo kukata matuta ya ngazi ili kuzuia mvua isibebe udongo. Katika Mgeta, ambako mboga hulimwa kwa kumwagilia maji, matuta yalifaa na yamedumu. Lakini kwingineko, ambako udongo wa juu ni mwembamba, kukata ngazi kulifukua udongo usio na rutuba, na mkulima akapata kazi nyingi na mavuno haba. Mwaka 1955 watu walisimama kuupinga mpango huo, ukaachwa. Kosa halikuwa katika tuta. Kosa lilikuwa katika kulazimisha tuta lile lile kila mahali. Dawa za leo ni kama amri ile ya milima yote. Seli zilizokuzwa, hasa zile zinazochaguliwa kwa kuitambua figo iliyopandikizwa peke yake, zatumainiwa kuwa kama tuta la Mgeta, lililowekwa mahali pake.

Hapa ndipo lugha inapoingia na dhima yake. Neno kinga, katika masikio ya Mtanzania, haliwezi kutenganishwa na UKIMWI, jina lililofupishwa kutoka Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa muda wa miaka 40 hivi kupungukiwa na kinga kumekuwa na maana ya maradhi, huzuni na kunyanyapaliwa. Basi mgonjwa aliyepandikizwa figo akiambiwa kwamba vidonge hivi ni vya kupunguza kinga, ana haki ya kushtuka. Na ndugu zake wakisikia hayo, wana sababu ya kumshauri aviache. Sentensi ni ya kweli kwa tabibu, lakini kwa msikiaji ina habari nyingine kabisa.

Kukandamiza hakufai. Katika Kiswahili mwenye kukandamizwa ameonewa, na neno limezoea siasa. Kuzuia ni afadhali, lakini lasema kukomesha, nazo seli hizi hazikomeshi. Kutuliza ni neno zuri na la karibu, kwani dawa ya kutuliza maumivu yajulikana na kila mtu. Na kwa kadiri ya kuchokoza kulivyozaa mchokozi, kutuliza kwaweza kuzaa mtulizi na seli tulizi, zikawa mkabala wa seli chokozi. Lakini lina upungufu wake: kitulizo ni kitu cha raha, nacho chaweza kumfanya mgonjwa asahau kwamba homa yoyote impatayo ni jambo la kukimbilia hospitali. Kudhibiti lashinda yote kwa usahihi. Huko Sokoine panya shamba hudhibitiwa. Haina maana kwamba watakwisha, bali kwamba hawataachwa kuzidi kiasi ambacho mkulima aweza kustahimili. Hiyo hasa ndiyo kazi ya seli T dhibiti juu ya kinga.

Kwa hiyo yaelekea kwamba matumizi mawili yatahitajiwa. Katika kamusi na darasani, seli T dhibiti litafaa kuwa istilahi, na kudhibiti kinga kuwa jina la kazi yake. Kitandani kwa mgonjwa, tabibu atahitaji maneno mengi zaidi kidogo: kwamba kinga yake ni nzima na ina nguvu, hata yaweza kuila figo aliyopewa, kwamba dawa yaishika mkono isipige, na kwamba mkono ulioshikwa haupigi hata mwizi, kwa hiyo akipatwa na homa asingoje. Maneno hayo hayamo katika istilahi yoyote, lakini yamebeba mambo yote matatu ya neno la kale: ngao, chombo cha kupokea maji, na ukuni wenye moto. Mgonjwa aliyeyafahamu atajua kwa nini anameza vidonge, na atajua pia wanatafuta nini wale wanaokuza seli katika vyombo, ili siku moja moto upozwe pale tu unapounguza.